Mwenye Shida Hashiki Kamba

Mliniuliza barazani, siku ile niliporudi na uso umevimba kwa mbu, ni nini kilichotokea Rufiji. Nikawajibu maneno matatu nikaenda kulala. Tangu hapo kila mmoja wenu amenijia peke yake, na kila mmoja nimempa kipande chake: huyu lori, yule tope, mwingine ule mzaha wa Bungu. Nimechoka kujikata vipande. Haya, yasomeni yote pamoja, na anayependa kuuliza "kisha?" kabla mtu hajamaliza, leo anyamaze.

Mnajua kwamba mwaka jana nilianza riwaya yenye mpiga mbizi ndani yake, na kwamba sikutaka kumwandika mtu nisiyemjua. Ndipo nilipomfuata Kapera. Kapera ni Mnyamwezi wa Tabora, mpole, mkavu, anayeishi kwa kusugua matumbo ya meli bandarini. Alinifundisha kuvuta hewa ya mtungi, akanizamisha mara kumi na mbili, na kila mara alinisomea masharti yake kama mtu anayesoma dua. Majini wanaingia wawili na wanatoka wawili. Mwenzako asiwe mbali kuliko urefu wa mkono. Koki, geji, mkanda na kisu vikaguliwe kwa sauti. Mmoja akisema basi, ni basi, wala haulizwi sababu. Na la mwisho, alilolisema huku ameninyooshea kidole: "Majini hakuna utani."

Kisha ikaja barua ya Shangazi Mwanaidi kutoka delta. Mashine ya kukoboa mpunga, ambayo yeye na akina mama wenzake waliihangaikia miaka miwili, ilizama mbele ya macho yao. Mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja kuibeba iliachana hatua chache kabla ya gati, na chuma chote kikaenda chini. "Nasikia siku hizi unakaa chini ya maji kama mamba," aliandika. "Njoo, baba, kabla bamvua halijaizika. Bega langu halina tena nguvu ya mchi."

Nilimwonyesha Kapera barua. Aliisoma mara mbili, akauliza kina. Pima sita, nikamwambia. Akasema tungoje maji mafu, zile siku nne hivi kabla ya bamvua la maji makubwa, ambazo bahari hupanda na kushuka kivivu, na mtu anaweza kufanya kazi chini bila kuburutwa.

Mbagala hadi Bungu

Tulipanda lori la mitumba na chumvi, sisi na mitungi yetu mitatu tuliyoiviringishia mablanketi. Nilikaa juu ya robota la makoti ya baridi, makoti ya nchi zenye theluji, nikielekea Kibiti kwenye jua lile. Kwa saa mbili za kwanza niliona ni jambo zuri la kuandika. Saa ya tatu nikaacha kuona.

Mchanga wa barabara ile mnaujua kwa sifa. Tulishuka kusukuma mara saba. Mara ya nane hatukushuka, kwa sababu spring ya nyuma ilikatika karibu na Bungu, na dereva akazima injini, akatandika kanga ya mkewe chini ya mkorosho, akalala bila kutuambia neno. Utingo ndiye aliyetuambia: spring nyingine itatoka Dar, kesho, Mungu akipenda.

Mungu alipenda kesho kutwa asubuhi. Siku ya kwanza ya maji mafu ilitupita tukiwa Bungu, tukila mihogo ya kuchemsha kwa chumvi na pilipili kwa mama mmoja mnene aliyekaa kando ya barabara. Alikuwa ameitazama mitungi tangu jana yake.

"Hiyo ya nini, wanangu?"

"Hewa, mama," nikasema.

"Hewa gani?"

"Hewa ya kuvuta."

Akatazama juu, kwenye mikorosho, kulikokuwa na hewa ya kutosha. "Hii hii?"

"Hii hii."

"Mmeitoa Dar?"

Nikakiri. Akamgeukia jirani yake mwenye sinia la korosho. "Bi Sauda! Bi Sauda wee, hebu njoo usikie. Tuliambiwa biashara ruksa, wakaleta mitumba. Wakaleta sabuni zenye rangi ya maandazi. Leo wameleta hewa! Mwakani watatuuzia kivuli."

Watu wote wa kituoni walicheka, na utingo akacheka zaidi ya wote. Kapera hakucheka. Alikuwa anahesabu siku kwa vidole.

Kibiti

Kibiti tulifika asubuhi ile ile, tukashusha mitungi chini ya kibanda cha chai ili tutafute gari la kwenda Nyamisati. Hapo akatujia bwana mmoja na baiskeli, shati limelowa mgongoni, akatusalimia kwa adabu kubwa kiasi cha kunitia hofu. Alisema anashukuru tumefika. Alisema mkewe yuko hospitali ya Mchukwi, kifua kimembana, na aliambiwa hewa ya wagonjwa imechelewa njiani. Yuko tayari kuibeba mitungi kwa baiskeli yake, mmoja mmoja.

Kapera alimweleza kwamba hii si hewa ya hospitali, ni ya kawaida, imeshindiliwa tu kwa mashine. Bwana yule akatabasamu kama mtu anayejua kwamba wakubwa lazima wakatae kwanza. Akaeleza upya, tangu mwanzo. Kapera naye akaeleza upya. Mwishowe Kapera alifanya jambo ambalo sikulitegemea kwake, yeye anayehesabu pumzi kama mchoyo: alifunga mpira kwenye mtungi, akamtia yule bwana kidude mdomoni, akafungua koki.

Bwana akavuta. Akavuta tena, mara nne au tano, macho ameyafumba, akisikiliza kifuani mwake. Kisha akakitoa kile kidude na kukifuta kwa ncha ya shati.

"Kweli," akasema. "Haina dawa."

Akapanda baiskeli yake akaenda. Gari lilipatikana adhuhuri, nalo lilikuwa Land Rover isiyo na mlango mmoja, na njia ya kwenda pwani ilikuwa na matuta ya mizizi hata nikauma ulimi.

Nyamisati hadi kwa Shangazi

Kutoka Nyamisati kuna maji, tope na mikoko, na baada ya mikoko kuna mikoko. Mtumbwi wetu ulikwama mara mbili kwenye mchanga, tukangoja maji yapande. Yalipanda polepole sana, na kwa mara ya kwanza nilifurahi kukwama, kwa kuwa ilimaanisha maji bado ni mafu. Tulifika siku ya pili ikiisha. Zilibaki mbili.

Shangazi alikuwa gatini amesimama, mkono wa kushoto ameushikilia kwa wa kulia. Alinikumbatia kwa upande mmoja. Alimpa Kapera pole ya safari mara tatu, akatupa wali wa nazi na uduvi wa kukaanga, na hakutaja mashine hata kidogo mpaka tulipoosha mikono. Kisha akaonyesha kwa kidevu, mtoni. "Iko pale penye mti."

Mti ulikuwa mlingoti uliokitwa kwenye tope, na aliyeukita ni Bakari.

Bakari ndiye mpiga mbizi wa pale, mtu wa miaka arobaini hivi, mwenye masikio makubwa na cheko la kifuani. Mtungi alijifunzia visiwani, kwa wafanyabiashara wa jongoo bahari waliokuja biashara zilipofunguliwa. Walimpa mtungi na miwani ya maji, wakamwonyesha mahali pa kuuma, wakamsukuma. Mitungi walikwisha kuondoka nayo. Lakini namna yake ya kuzama si ya kwao. Ni ya hapo hapo, ya kabla ya mitungi. Anashuka mtu mmoja tu, kamba kiunoni. Mwenzake hashuki. Mwenzake yuko juu, mtumbwini, ameshika kamba.

"Na huyo mshika kamba," alituambia akitafuna mkia wa samaki, "sharti awe mtani wako."

Kapera aliweka kikombe chini. "Kwa nini?"

"Kwa sababu mtani hakuonei haya."

Ndugu yake Bakari, tukaelezwa, alikuwa ameshikiwa kamba na mkwewe, mtu mwema, mtu wa heshima. Kamba ilikaa kimya muda mrefu. Yule mkwe aliwaza: nikimvuta naye hajataka, nitakuwa nimemdharau mkwe wangu. Akangoja aombwe. "Heshima ndiyo iliyomuua," Bakari akasema. "Mtani angemng'oa kama muhogo na kumtukania mama yake."

"Mimi nilikuwa na mwenzangu bandarini," Kapera akajibu taratibu. "Alikuwa bingwa wa mizaha. Siku moja alicheka na sisi tukacheka, akaruka majini koki imefungwa. Hakuna aliyeikagua. Tulikuwa tunacheka."

Wakatazamana. Kila mmoja alikuwa na maiti wake nyuma ya mgongo.

Nikamuuliza Bakari kwa nini hakuzama mapema, hata kwa pumzi yake tu, apapase. Alimwangalia Shangazi. Shangazi ni mtoto wa mjomba wake, mtani wake wa damu, na kwa miaka mingi ndiye aliyemshikia kamba. Shangazi mwenyewe akajibu, macho kwenye sahani:

"Mashine ni yangu. Mwenye shida hashiki kamba."

Siku ya wawili

Asubuhi ikabidi nichague. Shangazi aliniachia mimi, maana ndimi niliyemleta Kapera na mitungi ni yangu na yake. Bakari alisema neno moja tu: "Maji haya, hata mkono wako huuoni." Nikamchagua Kapera. Nilijiambia ni kwa sababu ya elimu yake. Kweli ilikuwa pia kwamba nilitaka kushuka mwenyewe, nirudi kwenu na giza la chini mfukoni.

Tulikagua kwa sauti. Koki, geji, mkanda, kisu. Akina mama waliosimama gatini walikuwa wakiitikia "ee" kila tulipotaja kitu. Tukashuka tumeshikana mkono.

Rafiki zangu, nimeandika giza mara nyingi na sasa nataka kulifuta lote. Pima ya pili maji yalikuwa chai ya maziwa. Ya tatu, kahawa. Ya nne hayakuwa na rangi tena, na ule mkono wa Kapera ulikuwa kitu cha kukumbuka. Tulifika chini, tope likatumeza hadi magotini, tukaanza kupapasa. Kupapasa kunataka mikono miwili. Nilimwachia, nikashika gogo nikidhani ni chuma, na nilipomtafuta hakuwepo.

Sharti linasema: mkipotezana, tafuta kwa dakika moja, kisha panda. Nikapanda. Naye akapanda. Tukatazamana juu ya maji kama wageni. Tukashuka tena. Tulifanya hivyo mara nne. Mara ya tatu nilipigwa na pezi la mguu wake usoni, nikashukuru kwa kuwa angalau nilijua aliko. Mara ya nne geji zote mbili zilikuwa zimelala kwenye sifuri.

Nilikaa gatini nikitapika maji ya mto. Shangazi aliniletea uji, akanipangusa kichwa kama mtoto, akasema, "Pole, baba. Umejitahidi." Sijawahi kusikia neno zito kama lile "umejitahidi".

Mtungi mmoja ulibaki, na siku moja.

Siku ya kamba

Kapera alisema turudi. Mtungi mmoja ni mtu mmoja, na mtu mmoja chini ni marufuku. Bakari alisema yeye yuko tayari, ila mshika kamba hana. Shangazi hawezi. Mimi ni damu ya Shangazi, basi siwezi. Wengine wote kijijini ama ni wakwe zake, ama ni wenye wake na mama wanaoingoja mashine.

Nilikuwa nimelala chali kwenye mbao za gati, sina nguvu hata ya kufukuza mbu, na nadhani uchovu ndio ulionifumbua macho. Nikasema: "Kapera si Mnyamwezi?"

Shangazi akapiga makofi. Wanyamwezi na watu wa huku ni watani tangu enzi za misafara. Walizikana njiani, na wanatukanana hadi leo. Kapera alijua hilo kabla yangu. Ndiyo maana alikuwa ameangalia pembeni.

"Mimi nikiwa kazini sina mtani," akasema.

"Wewe ndiwe uliyenifundisha," nikamwambia, "kwamba mmoja akisema basi, ni basi, wala haulizwi. Huku anayeweza kusema hivyo bila kuulizwa ni mtani tu. Mnasema jambo moja."

Akaugeuza mtungi uliobaki, akasema, "Nitaikagua koki mwenyewe."

Mtumbwini tulikuwa wanne: Bakari amevaa mtungi, Kapera na kamba, Shangazi kwenye kasia kwa mkono wake mzima, na mimi nimeshika kamba nene ya mzigo, ambayo ncha yake ya pili ilikuwa mikononi mwa akina mama gatini. Bakari alikaa ukingoni akangoja. Hakuingia.

"Anangoja nini?" Kapera akauliza.

"Umtukane," Shangazi akasema. "Haendi hivi hivi, kama maiti."

Kapera akakohoa. "Bakari. Una... una masikio makubwa."

"Ala!" Bakari akapaza sauti. "Ndio tusi hilo? Mnyamwezi, tangu lini ukajua maji? Babu yako alipoiona bahari alidhani mbuga imefurika, akaweka meno ya tembo chini, akaulizia daraja!"

Gatini wakalipuka. Kapera akakunja uso, na kitu fulani ndani yake, cha Tabora, cha utotoni, kikainuka. "Babu yangu alimbeba babu yako mgongoni, kwa kuwa alikuwa mvivu wa kutembea kama wewe! Ukifia huko chini sikuziki, nakuachia kamba uwafungie kaa. Koki?"

"Wazi!"

"Mkanda?"

"Umekaza kuliko mkono wako!"

"Kisu?"

"Kipo, nitakukatia ulimi!"

"Nenda, mbwa wee."

Bakari akazama, na papo hapo Kapera akanyamaza. Kamba ilipita vidoleni mwake kidogo kidogo, na macho yake yalikwenda kwenye saa, kwenye mapovu, kwenye saa.

Dakika ya kumi na mbili kamba ikatikisika mara tatu. Ameipata! Shangazi alifunika mdomo. Nikashusha kamba ya mzigo, ikavutwa chini kwa nguvu, ikawa inacheza mkononi mwangu: anaipitisha, anaizungusha. Nyuma yetu akina mama walianza kujipanga miguu kwenye mbao.

Dakika ya ishirini na tano ule mlingoti ukaanza kuandika mstari majini. Maji yalikuwa yanageuka, tena kwa haraka isiyo ya maji mafu. Bamvua lilikuwa linabisha hodi. Kamba ya Bakari ikaomba urefu. Kapera akatoa pima moja. Ikaomba tena.

"Mpe," Shangazi akasema.

Hakumpa. Alikuwa anatazama mapovu. Yalikuwa yakija mengi, ya karibu karibu, kama ya mtu anayekimbia.

"Inatosha," akasema Kapera.

"Bado kidogo, mtani. Anafunga. Nakusihi, bado kidogo tu."

Kapera akanigeukia mimi, mwanafunzi wake. Na hapa ndipo mahali ambapo nilikuwa nawaficha. Kamba ya mzigo ilikuwa inanicheza mkononi bado, nilihisi fundo linakaribia kukaza, niliona bega la Shangazi. Nikasema: "Dakika mbili."

Alinitazama kama asiyenijua. Kisha akasimama, akaweka mguu ukingoni, akavuta. Alivuta kwa mwili mzima, mkono juu ya mkono, na kamba yangu ya mzigo ikalegea mkononi, nyepesi kabisa.

Bakari alitoka na midomo ya rangi ya majivu, damu puani. Tulimpakia kama gunia. Kapera akamvua mtungi, akafungua koki hewani. Ikapuliza fyuuu fupi, ikakata. Pumzi tatu, labda nne. Nikamkumbuka yule bwana wa Kibiti na jinsi alivyovuta macho ameyafumba, nikashukuru kwamba alikuwa na adabu ya kuvuta mara chache tu.

Mkononi Bakari alikuwa amekaza kitu, ikabidi tumfungue kidole kimoja kimoja. Ilikuwa hendeli, ile ya kuwashia mashine.

Alipopata sauti, neno lake la kwanza lilimwendea Kapera. "Mshenzi wee. Fundo lilikuwa bado moja."

"Nyamaza," Kapera akasema. "Masikio makubwa na husikii."

Wakaanza kucheka wote wawili, kicheko kibaya, cha kukohoa. Shangazi hakucheka. Alitazama maji yalivyokuwa yanapita kwenye mlingoti, kisha akageuza mtumbwi kwa mkono mmoja.

Kurudi

Asubuhi niliamshwa na kinu. Shangazi alikuwa anatwanga kwa bega lile lile, akipumzika kila baada ya mipigo michache, maana wageni hawaondoki mikono mitupu. Niliomba mchi, akaninyima. Mlingoti wa Bakari ulikuwa umeinama, nusu yake haionekani.

Gatini alimpa Kapera mfuko wa mchele. "Sikupata mashine, nimepata mtani. Ukisikia nimekufa uje unizike, na usije na maneno yako machache." Kapera akasema atakuja, na kwamba atakula hitima yote peke yake.

Kisha akanipa na mimi wangu. Nilitaka kumwomba radhi, sikujua kwa lipi: kwa mashine, au kwa zile dakika mbili. Alikuwa ameyasoma yote mawili usoni mwangu.

"Baba, wewe endelea kuandika," akasema. "Kamba usishike. Wala mimi. Sisi tungemngoja Bakari mpaka fundo la mwisho."

Safari ya kurudi haikuwa na ajabu, isipokuwa Bungu, ambako mama wa mihogo aliiona mitungi ikigongana mitupu juu ya lori, akatupungia mkono. "Imekwisha hewa?"

"Imekwisha, mama!"

"Afadhali. Mliuza yote!"

Kapera, aliyekuwa amelala juu ya mizigo tangu Kibiti, alicheka bila kufumbua macho.

Mchele niliupika jana. Una chuya nyingi, punje zilizobaki na maganda, kama mchele wote unaotwangwa na mkono uliochoka. Kabla ya kuupika nilikaa nikazitoa moja moja, hadi chumba kikaingia giza, na sikumwita mtu anisaidie.